Masizi ya Jumba la Withycott

Jumatatu, 8 Aprili

Kosa wanalofanya wageni wengi ni kuamini kwamba mbao za Jumba la Withycott zilitoka kwenye meli za vita zilizovunjwa. Mimi huwasahihisha kwa upole. Bahari iko mbali, mialoni ilikuwa nje ya mlango, na yale matundu matupu kwenye boriti ni ya ukuta uliokwisha kuondolewa. Nawapa muda waangalie wenyewe. Kisha nawaonyesha mwaka uliochongwa kwenye jiwe juu ya mlango, 1574, nawaambia ndipo jumba lilipojengwa. Nimesema hivyo miaka kumi na minne. Nimeandika hivyo katika kijitabu changu, ukurasa wa tatu.

Leo nimesahihishwa mimi. Mbele ya wageni kumi na tisa wa klabu ya watunza bustani.

Bi Hotchkiss hupika skonzi za chumba cha chai. Tangu Krismasi amejifanya mwanahistoria. Aliingia ukumbini na sinia mkononi, akasema mwaka wa mlangoni ni wa dohani, yaani bomba la moshi, si wa nyumba. Jana alipanda darini na tochi. Makombamoyo, ile miti inayobeba paa, yote ni meusi tititi kwa masizi. Kama nyumba ilizaliwa na dohani, akauliza, moshi ulifikaje huko juu? Jumba lilikuwapo kabla, moto ukiwaka katikati ya sakafu, moshi ukijipandia paani. Dohani na dari vililetwa baadaye, na aliyevileta akachonga mwaka wake.

"Mwalimu, umesoma lebo ya koti ukadhani ni umri wa mvaaji," akasema.

Wageni walicheka. Mmoja aliandika.

Nikasema lile ni vumbi tu. Akainua kidole cheusi, akasema vumbi gani hili linalokataa sabuni mara tatu. Masikio yangu yalikuwa ya moto mpaka saa ya kufunga.

Bibi Corfield, mwenye jumba, ana miaka themanini na sita na alizaliwa chumba cha juu ya jiko. Kila masika huamua nani aongoze wageni ukumbini na nani akae chumba cha maziwa, penye baridi na pipa moja la kutengenezea siagi. Mimi niko ukumbini tangu nistaafu ualimu. Leo amesema mwaka huu atangoja kwanza. Alhamisi anakuja mtaalamu wa kupima umri wa mbao. Akaenda kumwaga ndoo ya mvua ya koridoni. Paa linavuja tangu Oktoba.

Nimehesabu sanduku la vijitabu. Vimebaki mia nne na kumi, vyote na ukurasa wa tatu.

Jumanne, 9 Aprili

Nilikuwa na mpango. Sheria ya nchi hii hairuhusu mtu kusumbua popo. Wakiwa darini, hata fundi wa paa hurudishwa mlangoni. Ni sheria nzuri na nimeiheshimu maisha yangu yote. Popo wetu walihama zamani, lakini mtaalamu hajui.

Ieleweke kwamba kinyesi cha popo hufanana na cha panya. Tofauti ni kuwa cha popo kikisagwa kwa vidole huwa unga unaometameta, kwa sababu ya mabawa ya wadudu waliowala. Sikuwa na cha popo wala cha panya. Nilikuwa na kipande cha keki. Nikachambua zabibu kavu, nikazikatakata kwa kisu kidogo, nikazisambaza chini ya ngazi ya darini. Nikamwita Bibi Corfield kwa sauti ya msiba.

Alikuja na Bi Hotchkiss.

Bi Hotchkiss aliinama, akaokota kimoja, akakiminya. Hakikusagika. Akakinusa. Akakitia mdomoni. Bibi Corfield alifumba macho.

Bi Hotchkiss alitafuna taratibu, kisha akasema popo wangu wana adabu mbaya, wamekula keki yake ya Jumapili bila kubisha hodi. "Na maganda ya chungwa mbona wameyaacha, Mwalimu? Hayakuiva?"

Nilisema huenda panya wanahusika. Bibi Corfield akaniuliza kama siku hizi napata usingizi. Aliuliza kwa upole. Ningependelea anigombeze.

Jumatano, 10 Aprili

Nimefanya jambo nisilojua kuliandika. Nitaliandika kwa mpangilio, kama nilivyowafundisha watoto.

Kwanza, nilijitolea kuondoa utando wa buibui darini kwa heshima ya mgeni wa kesho. Bibi Corfield alinishukuru, akanipa ufunguo. Pili, nilichukua brashi ngumu, magadi, na ndoo ya maji kutoka chumba cha chai. Tatu, tochi. Si mshumaa. Ubawa wa magharibi uliungua mwaka 1911, na tangu hapo hakuna mwali unaoruhusiwa orofani. Ukurasa wa sita.

Darini mtu hawezi kusimama wima. Nilielekeza tochi juu nikaona alichokiona Bi Hotchkiss. Masizi ya moto wa kuni hayafanani na uchafu wa kawaida. Ni magumu, yana mng'ao wa kiatu kilichopigwa rangi, na yameingia hadi kwenye maungio. Hayo ni makumi ya miaka ya uji, nyama na magogo mabichi. Mimi nilijiambia ni uchafu. Mtu aliyefundisha historia miaka thelathini na mitano alipiga magoti akajiambia ni uchafu.

Nikasugua kombamoyo la nne.

Chini ya weusi palikuwa na mwaloni wa rangi ya asali, na alama ya seremala: mistari minne iliyokatwa kwa patasi ili ajue mti upi uende wapi siku ya kusimamisha paa. Ndani ya mistari mlijaa masizi. Maana yake moshi ulifika mara tu baada ya seremala, na ulikaa sana. Maana yake Bi Hotchkiss yuko sahihi. Nilielewa vizuri kabisa, kama anavyoelewa mwanafunzi wa mbele.

Nikachovya brashi tena, nikaendelea.

Nilimaliza moja, kuanzia gotini hadi mkono ulipofika. Yamebaki ishirini na matano. Bega lilikataa, na chini nikasikia naitwa chai. Nilikunywa nimevaa glavu. Nikasema baridi. Bi Hotchkiss alitazama glavu, kisha skonzi iliyokuwa ndani ya glavu, kisha dirisha, ambapo kulikuwa na jua.

Nyumbani, nikivua mabuti, nilikumbuka kwamba ndoo nimeiacha huko juu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mtaalamu ni Dokta Tranter. Mwanamke mfupi, mabuti ya matope, keekee ndefu ya kutobolea mbao ndani ya sanduku. Aliponiona akaangusha sanduku, akanishika mikono yote miwili. Nilimfundisha alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Akamwambia Bibi Corfield kwamba kazi hii aliichagua kwa sababu ya sentensi niliyoiandika ubaoni siku ya kwanza ya kila mwaka: Ushahidi usiguswe mpaka usomwe. Sasa huwaandikia wanafunzi wake mwenyewe. Bibi Corfield alipiga makofi. Niliangalia viatu vyangu.

Kisha akaeleza, vizuri kuliko ambavyo ningeeleza. Mti huongeza pete moja kila mwaka, pana mwaka wa mvua, nyembamba mwaka mkavu, na mpangilio huo husomeka kama maandishi. Lakini pete husema tu mti ulikatwa lini. Zinaweza kuwa mbao kuukuu zilizohamishwa kutoka nyumba nyingine. Kinachothibitisha kwamba zilisimama hapa, juu ya moto wa ukumbi huu, ni masizi yasiyokatika kutoka kombamoyo la kwanza hadi la mwisho. Yakionekana hivyo, mfuko wa fedha za kuhifadhi majumba ya kale utalipia matengenezo ya paa lote.

Na yasipoonekana? Bibi Corfield alijibu yeye, kama anayezungumzia hali ya hewa. Atauza kabla ya baridi ijayo. Kuna watu wa hoteli wamekwisha kumletea maua.

Sikujua. Siandiki hivyo kujitetea. Sikuwahi kuuliza.

Tulipanda. Tochi ya Dokta Tranter ikapita la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. La tatu. La nne liling'aa kama jino la bandia. Chini yake palikuwa na ndoo, na kwenye ndoo, kwa rangi nyekundu, CHUMBA CHA CHAI.

Dokta akauliza ni nani aliyelisafisha.

Nilifungua kinywa. Hilo naapa, nilikifungua. Bi Hotchkiss akanitangulia. Alisema pale panavuja, ndoo kaiweka yeye kukinga matone, na maji yametiririka juu ya mti ule tangu Oktoba. Dokta Tranter akapapasa mti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kukutana na maji yanayosugua kwa mviringo.

"Maji ya huku yamesoma," akasema Bi Hotchkiss.

Dokta alitazama glavu zangu. Akaandika kitu, akaanza kutoboa la tano.

Wakati wa kushuka Bi Hotchkiss alinipa ndoo niibebe. Akaninong'oneza nisijidanganye kwamba ameniokoa mimi. "Yule mama akisikia kwa mtu mwingine kwamba ni wewe, atalia. Kwa hiyo utamwambia wewe, Mwalimu. Kwa mdomo huohuo wa popo."

Ijumaa, 12 Aprili

Nilikwenda kukiri. Nilivaa tai.

Bibi Corfield alikuwa jikoni akichemsha machungwa ya jamu. Nilisema nina neno. Akasema na yeye analo, nikae. Akasema katika maisha yake ameona watu wengi wakipita nyumba hii, na kila mmoja aliondoka na kitu: kijiko, tofali, mche wa waridi. Mimi peke yangu, miaka kumi na minne, sijaondoa hata punje.

Kisha akauliza neno langu ni lipi.

Nikasema jamu inanukia vizuri. Akanipa chupa mbili. Nimezileta nyumbani. Sikuweza kula.

Jumamosi, 4 Mei

Barua ya Dokta Tranter imefika. Bibi Corfield aliisoma ukumbini, amesimama. Mialoni ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 1461. Nimekosea kwa miaka mia moja na kumi na mitatu. Bi Hotchkiss amepewa ukumbi. Alivua aproni tu akaikunja vizuri, jambo lililoniuma zaidi.

Mfuko wa majumba ya kale unaelekea kukubali. Jumanne mkaguzi wao atakuja kuona masizi kwa macho yake kabla ya kutia sahihi. Halafu barua ina aya ya mwisho, ambayo Bibi Corfield aliisoma bila kuielewa: kombamoyo la nne halitazuia chochote, mradi aliyelisafisha aandike mstari mmoja kusema lini na kwa nini. Asiguse kingine.

"Lakini si lilisafishwa na mvua?" akauliza Bibi Corfield.

Bi Hotchkiss alinitazama, mimi nikatazama dohani. Bibi Corfield akasema basi mimi ndiye nitakayempandisha mkaguzi, kwa kuwa ni mtu wa kuaminika, na kijitabu kipya nikiandike mimi.

Bi Hotchkiss alinifuata hadi kwenye geti. Akauliza kama nimemwambia. Nikasema kesho. Akasema kesho yangu sasa ina wiki tatu na imeanza kuota ndevu. "Mstari mmoja, Mwalimu. Ulikuwa ukiwapa watoto mia."

Jumapili, 5 Mei

Nimeuandika. "Nililisugua mimi, Lionel Garbett, tarehe kumi Aprili, kwa sababu ya kiburi." Si mrefu. Niliusoma kwa sauti jikoni peke yangu, na nilipofika neno la mwisho ikabidi ninywe maji. Nimeutia ndani ya bahasha. Nimeandika jina la Bibi Corfield juu yake. Nikajihisi mwepesi kwa muda wa kutosha kuchemsha yai.

Wakati yai linachemka nilitafakari, kwa utulivu, kama mwalimu.

Masizi ni nini? Ni moshi ulioganda. Kilichochukua miaka mia kwa kuni mbichi kutoka sakafuni, bila shaka huchukua saa moja kwa mwali mzuri ulioshikwa karibu na mti. Kombamoyo la nne likiwa jeusi Jumanne, mkaguzi hatauliza. Asipouliza, hakuna wa kujibu. Na pasipo wa kujibu, Bibi Corfield hatalia, naye ndiye ninayemfikiria hapa, si mimi. Ni kweli ule ukurasa wa sita upo. Lakini ukiusoma kwa makini, sheria ya mwaka 1911 ilikusudia meko makubwa. Mshumaa ni kitu kidogo, na mkono wangu bado ni imara. Ufunguo wa darini sijaurudisha. Bahasha itafaa kukinga nta inayodondoka.

Duka la kijiji hufungwa saa sita mchana.

Leo: nunua mishumaa sita.