Msimamizi wa Kompyuta Yetu ni Dada

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu: mimi si Injinia. Kwenye klabu ya kompyuta wananiita hivyo, nami huinamisha kichwa kama mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba kwenye kompyuta ya nyumbani mimi ni mtumiaji wa kawaida. Msimamizi ni dada yangu. Neno la siri analo yeye.

Alhamisi wanaklabu wanakuja kwetu kuona programu yangu ikichora ramani ya nyota. Ikichora, naenda mashindanoni. Isipochora, anaenda Kiranja wa klabu, ambaye programu yake inachora duara, tena limebonyea.

Yangu haichori chochote. Inahitaji maktaba ya michoro, yaani furushi la programu za watu wengine ambalo lazima lijengwe kwanza ndani ya kompyuta. Nimejaribu kulijenga. Jibu: huna ruhusa. Nyumbani kwetu wenyewe.

Ningemwomba dada. Lakini mimi kuomba siwezi. Hata chumvi mezani huisubiri ifike yenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Nimebahatisha neno la siri. Jina la mchumba wake. Jina la mchumba wa zamani. Jina la duka lake. Baada ya makosa hayo matatu, kompyuta ikaifunga akaunti yake.

Dada akaja na kulalamika kwamba mashine inamkataa, na hesabu za duka zimo humo. Akaniuliza shida ni nini. Nikasema labda vumbi. Mama akasema alijua tu, nyumba hii hakuna anayefuta kitu ila yeye. Baadaye akaunti ikafunguka yenyewe. Dada akanishukuru. Sijui kwa lipi.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia! Mwongozo uko kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha shule kinajua mmea unavyojitengenezea chakula, basi. Nikasoma mara nyingi hadi ukanielewa. Unasema maktaba inaweza kujengwa ndani ya folda yako mwenyewe, bila kumwomba mtu. Kama ulioandikwa kwa ajili yangu.

Ila folda yangu imejaa. Dada alinipimia nafasi kiduchu tangu nilipoijaza video za paka. Nikaiona folda ya vitu vya muda: pana kama uwanja, haina mwenyewe. Nikajenga humo. Kompyuta ikanguruma mchana kutwa, mama akauliza inaumwa nini. Hatimaye nyota zikatokea kwenye skrini, zote. Nilitamani kumwita mtu aone. Sikumwita.

Alhamisi, 7 Machi

Mama, kwa wema wake, alifagia sebule kwa ajili ya wageni, akafuta vumbi, akaizima kompyuta ipumzike. Kumbe mashine ikizimwa, folda ya vitu vya muda nayo inafagiwa.

Nikaiwasha mbele ya klabu nzima. Skrini nyeusi, hakuna hata nyota moja. Kiranja akasema labda kuna mawingu. Wakacheka. Nami nikacheka, ndicho kinachoniuma.

Dada akatoka jikoni, akauliza kimekosekana nini. Nikamnong'oneza.

"Sasa mdogo wangu, si ungeniambia tu?"

Akaandika neno la siri. Kumbe msimamizi hata hajengi. Anaagiza maktaba iliyokwisha kujengwa. Wageni hawajamaliza chai, nyota zikatoka.

Nimechaguliwa. Kiranja akanipa mkono, kisha akamgeukia dada akamwomba amsaidie lile duara. Hivihivi, mbele za watu, wala hakutoka jasho. Dada akakubali.

Walipoondoka akaniambia nikitaka chochote niseme. Nikasema sawa, dada.

Lakini alipokuwa anaandika nilisimama nyuma yake. Herufi ya kwanza ni m. Mwisho ni namba, nina hakika kabisa. Katikati pamebaki padogo. Kesho naanza na majina ya walimu wake wa zamani, na ikifunga tena, vumbi bado lipo.

Nasikia ndara za dada koridoni. Anauliza kupitia mlangoni kama kuna kitu nataka.

Hakuna, dada. Ukurasa huu unaingia chini ya godoro.