Upande wa Nyuma wa Daftari la Mama Mkwe

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Kikohozi kidogo. Mpango mkubwa.

Mama mkwe anapasuliwa moyo Jumanne ijayo. Ana miaka themanini na sita. Daktari amesema matumaini ni mazuri, kwa sauti ile wanayoitumia wakitaka usiulize zaidi. Mama mkwe hakuuliza. Alichoulizia ni daftari lake la mihuri. Mahekalu ya Kannon, mungu wa huruma, ni thelathini na matatu, kila moja na muhuri wake, na kwa miaka kumi na tisa amekusanya mihuri thelathini na miwili. Umebaki mmoja, wa hekalu la mtaa wa Yanagi, Kyoto. Anataka kuingia kwenye upasuaji daftari likiwa limejaa. Akirudi, vyema. Asiporudi, liwekwe jenezani mwake, akalionyeshe mlangoni kwa Buddha. Mwenyewe hawezi tena kupanda ngazi za hekalu. Anasema Kannon anayajua magoti yake na hatakataa mtu wa kutumwa.

Haruhiko akajitolea palepale. Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa mdogo wa mke wangu. Ataenda Jumamosi na gari lake. Bila shaka! Mihuri ishirini kati ya ile thelathini na miwili ilipatikana kwa gari la Haruhiko, na kila Mwaka Mpya tukikaa kula hutajwa mmoja baada ya mwingine. Mimi niliingia nyumba hii kwa ndoa. Niliacha jina la baba yangu nikachukua lao. Miaka thelathini na minne sasa, na mpaka leo nikimwaga chai mama mkwe huniambia, "Usijali." Kama mgeni.

Nikasema nitakwenda mimi. Kesho, kwa treni. Mke wangu Kazuyo akaniangalia kama anavyoangalia sufuria ya tambi inayokaribia kufurika.

Mama mkwe kanipa daftari, limefungwa kwa kitambaa cha zambarau. Masharti matatu. Nisiliweke chini. Nisile karibu nalo. Niende hekaluni kwanza, madukani baadaye. Hilo la tatu limetoka kwa Kazuyo. Nimemwambia mimi si mtoto.

Haruhiko alimaliza chai yake kwa funda moja. Anaumia, naona.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Kyoto saa tatu kasorobo. Jua zuri. Hekalu linatoa mihuri hadi saa kumi jioni. Muda tele.

Njiani kutoka stesheni kuna mtaa wa maduka, ule wenye paa. Bango kubwa mlangoni: droo ya vuli, mwisho leo saa nane mchana. Kila duka unaponunua unapigiwa muhuri, na mihuri sita inakupa zamu moja ya kuzungusha pipa la gololi za bahati. Zawadi ya kwanza: siku mbili Arima, kwenye chemchemi za maji moto, watu wawili.

Nikaona mambo yote kwa mpigo. Mama mkwe katoka hospitali. Mama mkwe yumo kwenye maji moto, mashavu mekundu. Watu wanauliza nani kampeleka. Haruhiko yuko nje anaosha gari.

Sharti lilisema hekalu kwanza, madukani baadaye. Halikutaja droo.

Karatasi ya kwanza ilijaa kufikia saa tano. Nikazungusha. Ikatoka gololi nyeupe. Gololi nyeupe ni pakiti ya tishu.

Mtu hakati tamaa kwa gololi moja. Lakini karatasi za mihuri zilikuwa zimekwisha mtaa mzima. Bibi anayeuza tofu, ile jibini ya soya, akaniambia, "Lete karatasi yoyote tu, baba. Muhuri ni muhuri." Nikajipekua. Tiketi ya treni. Leso. Daftari.

Daftari lenyewe ni karatasi moja ndefu inayokunjwa na kukunjuliwa. Mihuri yote iko upande wa mbele. Nyuma ni peupe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Karatasi nzuri, nene, miaka kumi na tisa inakaa bure! Mimi nililelewa kwamba kutupa hata punje moja ya wali ni dhambi.

Basi. Nikapigiwa huko nyuma, kila duka na picha yake. Tofu yenye miguu. Biringanya la achari linalocheka. Nyundo iliyovaa miwani, ya duka la vyuma. Kandambili mbili zilizoshikana mikono. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Wa sita ulikuwa jino lenye mswaki, wa daktari wa meno. Yeye hauzi kitu, ikabidi nikae kitini kwake. Amesema nina tatizo upande wa kushoto, juu.

Mama wa pipa akaipiga mihuri yote mistari kwa kalamu nyekundu, isije ikatumika tena. Nikazungusha. Nyeupe.

Hekaluni nilifika saa nane na nusu. Foleni ya watalii mpaka langoni. Zamu yangu ikafika saa tisa na nusu. Mwandishi wa mihuri ni mtawa, mama wa makamo mwenye mikono safi. Akafungua ukurasa wa mwisho. Akachovya brashi kwenye wino, akaiinua. Kisha akageuza daftari kidogo, apate kuchomeka karatasi ya kunyonya wino.

Brashi ikabaki hewani.

Akasema, kwa upole, kwamba daftari lenye mihuri ya maduka haliandikwi muhuri wa Kannon. Hili analijua kila mtu. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Hata mimi nalijua, ila nilidhani nyuma hakuhesabiwi. Akaniuliza kama jino lile ni langu.

Nyumbani nimesema foleni ilikuwa ndefu mno. Si uongo, ilikuwa ndefu. Haruhiko, ambaye siku hizi hatoki kwetu, akasema, "Usihangaike, ndugu yangu. Nipe daftari, kesho naenda mara moja na gari." Nikalikumbatia. Nikasema nitarudi mwenyewe, njia nimeshaijua. Kazuyo alikuwa amezipanga zile pakiti mbili za tishu mezani, akiziangalia. Mke wangu hahitaji kuambiwa mambo mara mbili.

Mama mkwe akaniambia nisijali. Lingenitosha hata tusi.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Niliamka saa kumi alfajiri. Nikapika gundi ya wali, kama walivyofanya wazee, maana ya dukani ina harufu. Nilikuwa nimeweka karatasi ya kufungia zawadi, rangi ya krimu, nzuri. Nikaibandika juu ya tofu, biringanya, nyundo, kandambili, mkunga na jino. Safi kabisa. Nikajisifu.

Treni ya kwanza. Moja kwa moja hekaluni, sikugeuka kulia wala kushoto. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni.

Mtawa yuleyule! Hivi hana siku ya mapumziko?

Akapapasa nyuma ya daftari. Palikuwa na unyevu. Nikamwambia kwamba usiku panya walilitafuna, ikabidi tulitengeneze. Akaniuliza kama huko kwetu panya hufunga zawadi.

Njia ya mwongo ni fupi. Nikasema yote. Moyo wa mama mkwe. Jumanne. Gari la Haruhiko. Arima. Nikasema nilitaka alione limejaa, tena alione kutoka mkononi mwangu, na kwamba akifa Jumanne na ukurasa ule mtupu nitajua mpaka siku yangu kwamba niliuuza kwa zamu ya pipa. Nilikuwa sijajiambia maneno hayo hata mimi mwenyewe. Nikaanza kulia, mwanamume wa miaka sitini na moja, na foleni nyuma yangu. Nilitumia zile tishu. Zinafaa sana.

Mtawa akavuta karatasi ya peke yake. Akasema kwenye daftari hawezi kuandika, lakini karatasi inaruhusiwa, nitaibandika mwenyewe ukurasa wa mwisho. "Gundi naona unayo," akasema. Akaandika jina la Kannon taratibu, mistari mizito myeusi, akagonga mihuri mitatu myekundu. Nikainama mpaka mgongo ukalia. Kisha akanitoza ahadi: nimwambie mama mkwe yaliyoko nyuma kabla hajayaona.

Nikaahidi.

Kwenye treni nikaitafakari ahadi. Hakusema siku.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Wote wamekuja. Haruhiko kaleta matunda. Nimekaa mbele ya mama mkwe kwa magoti, nikampa daftari, ile karatasi imeshabandikwa, kwa mikono miwili.

Akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa mwisho. Akaufuata wino kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kugusa. Akafumba macho. Haruhiko akaniinamia kichwa. Kazuyo akanigusa bega. Hiyo ilikuwa dakika yangu, na niliisubiri miaka thelathini na minne.

Haikutimia dakika.

Gundi ya wali ikikauka sana hujikunja. Tulikuwa tumewasha hita kwa ajili ya mgonjwa. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayemenya yai. Pembe moja ya karatasi ya krimu ikainuka yenyewe na jino likachungulia.

Mama mkwe akageuza. Akabandua iliyobaki kwa kucha, polepole. Mihuri yote sita ikatokea, na mistari yake myekundu. Kazuyo akaniambia, "Baba." Neno hilo tu. Haruhiko akanyanyuka kuangalia, akakaa tena, uso umemshuka. Nikaeleza. Sikumbuki nilisemaje.

Mama mkwe akalisogeza daftari karibu na miwani. Kisha akauliza kwa nini tofu ina miguu.

Nikasema sijui, ila bibi muuzaji huikaanga palepale mbele ya watu. Akauliza unapewa pamoja na nini. Tangawizi. Akauliza mkunga wanampasua tumbo au mgongo. Tumbo. Akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo inavyotakiwa. Akauliza kandambili ni za mbao au za majani. Akauliza huyo wa meno ni kijana au mzee. Tukaenda hivyo, muhuri kwa muhuri, mpaka chai ikapoa.

Akasema mihuri ishirini ameikusanya kwa kushuka garini, kupanda ngazi, kushuka ngazi na kurudi garini. Kila safari alikuwa akiiona mitaa ya maduka kupitia dirishani, na kila safari alitamani kushuka kidogo. Haruhiko akasema, sauti chini, kwamba hakujua. "Hukuuliza, mwanangu. Nami niliona haya," akasema mama mkwe. "Wewe ulikuwa unaikimbia foleni ya magari."

Akalikunja daftari. Akasema mlangoni kwa Buddha ataonyesha upande wa mbele. Wa nyuma atausoma njiani.

Kazuyo akaenda jikoni na hakurudi kwa muda.

Kisha mama mkwe akavua miwani, akaniangalia sawasawa. "Mjinga wewe," akasema. "Mjinga kabisa. Daftari la Kannon unaligonga jino!"

Nimeyaandika kama yalivyo. Mgeni haitwi mjinga. Nimefurahi mpaka usingizi hauji.

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Haruhiko ametupeleka sote hospitali na gari. Lazima niseme ni gari zuri.

Mama mkwe aliingia saa tatu asubuhi. Muuguzi akamwambia daftari haliruhusiwi ndani. Akanikabidhi mimi. Si Haruhiko, mimi. Akanikumbusha nisiligonge kitu.

Saa sita nzima za kungoja. Nililishika magotini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Haruhiko akaninunulia kahawa ya mkebe, nikakataa kuinywa karibu nalo, akaishika yeye. Kazuyo alihesabu vigae vya sakafu.

Saa tisa na dakika kumi daktari akatoka. Mama mkwe ametoka salama. Sauti ya daktari safari hii ilikuwa ya kawaida.

Alipofumbua macho jioni aliniuliza pipa nilizungusha mara ngapi. Mara mbili, nikasema. Akasema mara mbili ni chache.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba

Amerudi nyumbani. Anakula. Anagombana na Kazuyo juu ya chumvi.

Ameamua kuanza mzunguko wa pili wa mahekalu thelathini na matatu. Haruhiko ataendesha, mimi nitapanda ngazi, mama mkwe atashuka kwenye maduka. Sote watatu tumekubaliana. Haruhiko ameanza kuuliza maswali. Leo kauliza kama mama anapendelea biringanya au figili.

Kazuyo kanunua madaftari mawili mapya. Juu ya la kwanza kaandika HEKALU. Juu ya la pili kaandika MADUKA. Kanifanya nisome kwa sauti. Nimesoma. Nimemwambia somo limeingia, na ni kweli limeingia.

Tunaanza Kyoto tarehe kumi na tano. Nimepata kipeperushi: droo ya kufunga mwaka inaanza siku hiyohiyo. Zawadi ya kwanza ni kaa wa theluji, mzima, tena dume. Mama mkwe anampenda kaa kuliko watu wengi anaowajua.

Nimelipima daftari la MADUKA. Lina kurasa arobaini na nane, yaani zamu nane za pipa. Zitakwisha kabla ya chakula cha mchana. Na la HEKALU siku hiyo litakuwa halijaandikwa kitu, mbele wala nyuma.

Nimefikiri sana kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye wali. Safari hii nanunua gundi ya dukani.