Nani Anawakamua Mbawakawa Wangu?

Jumatatu, 4 Machi
Maabara ina mwizi. Mbawakawa wangu kumi na wawili, kila mmoja na kopo lake, wote wakavu! Kazi yangu ni kuwabana mguu kwa kibano; wakikasirika wanarusha majimaji makali kutoka tezi mbili za mkiani, nami nayakinga kwa karatasi. Leo nimebana weee, hata tone. Na jana Jumapili nilipita kuwakagua mara tatu, wazima kabisa! Ijumaa Mama Profesa anateua msimamizi wa maabara. Ni mimi au Miwani wa meza ya pili. Miwani amenipa pole. Pole ya nini, na mimi sijamwambia kitu?

Jumanne, 5 Machi
Ulinzi umeanza. Kila nusu saa nafungua kila kopo, nalitikisa kidogo, nahakikisha mwenyewe yumo. Wote wamo, tena wananuka ukali wa siki. Mzigo upo! Saa tisa nikawakamua: patupu. Miwani hagusi makopo yake tangu wiki jana, mvivu yule, na leo karatasi zake zimelowa chapachapa. Mtu asiyefanya kazi anayatoa wapi? Nimeshamjua.

Jumatano, 6 Machi
Mtego! Majimaji yale yakigusa ngozi huacha doa la kahawia, sabuni haifui dafu. Nikatangaza ukaguzi wa vidole. Mfagiaji safi. Miwani safi, vidole kama vya bibi harusi. Mama Profesa safi (nilimwomba kwa adabu). Kisha akataka kuona vyangu. Vyote kumi kahawia. Akaniuliza nawafungua mara ngapi kwa siku. Nikamjibu kwa fahari: mara kumi na sita! Akashika paji la uso. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemtorosha bingwa wangu, yule mweusi wa kopo namba saba, ndani ya mfuko wa suruali, akakae kwangu salama. Njiani nikawa nampapasa kuhakikisha yupo. Yupo! Mama yangu, paja! Nimefika nyumbani nachechemea. Mke wangu akanusa, akaona doa, akataka kujua huyo mwanamke anajipaka nini. Nikamwambia ni mdudu. Akasema wanaume wenzangu husingizia foleni, mimi nasingizia wadudu. Amenuna mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Machi
Ameteuliwa Miwani. Mama Profesa akanieleza taratibu, mbele ya watu wote: mbawakawa akishtuka anamwaga, na tezi zikishakauka zinataka siku kadhaa kujaa tena. Mwizi ni mikono yangu mwenyewe, alisema. Mfagiaji alicheka mpaka akaegemea ufagio. Imeniuma, sikatai. Miaka sita nawalisha wale wadudu!
Halafu Miwani akanivuta pembeni, eti kaka, waache wapumzike wiki moja tu, utaona watakavyojaa.
Wiki nzima bila kufungua kopo! Anaitakia nini hiyo wiki?
Nimekaa nikafikiri. Kosa langu nimeliona: nusu saa ni muda mrefu mno, mwizi anaingia na kutoka. Kuanzia Jumatatu nawakagua kila robo saa. Na nitavaa glavu, wasinisingizie tena vidole.