Kurasa Nne Kichwa Chini

Jumatano, 9 Julai 2025
Nimepewa ukurasa wa sita! Mimi Clavery, niliyetoa wazo la kijarida cha vijana wa usharika! Andiko langu, "Hatua Kumi na Nne za Kuanika Kahawa", limebanwa kati ya shairi la Benjamin na ng'ombe aliyechorwa na Deodatha. Benjamin ndiye mhariri. Wa muda, namkumbusha kila tukikutana. Wa kudumu atachaguliwa Jumapili baada ya mnada wa mavuno. Lazima niwe mimi.

Alhamisi, 10 Julai
Kurasa zote nane zimebandikwa kwenye karatasi moja. Inatolewa kopi, inakunjwa, inachanwa kidogo katikati, kijarida tayari. Benjamin kanituma niipeleke mjini Kayanga, kwenye mashine ya kopi. Nimeikagua kwanza. Mungu wangu! Kurasa nne za juu kazibandika kichwa chini! Na wangu umo! Nimezibandua kwa wembe na kuzigeuza zote. Nimetumia saa mbili na dakika kumi. Sijamwambia mtu. Jumapili nitaeleza nani aliyeokoa kazi.

Ijumaa, 11 Julai
Kopi themanini. Safi! Mwenye mashine aliuliza kama nina hakika. Nikamjibu nimefika kidato cha nne.

Jumamosi, 12 Julai
Sijapata kuona! Tumekunja kwa Deodatha, na kurasa nne zimetoka kichwa chini. Zilezile nilizozinyoosha! Benjamin akauliza nani kagusa karatasi. Nikasema labda ni mashine ya Kayanga. Deodatha akakunja moja polepole mbele yetu, kama anafundisha chekechea: ikikunjwa, kurasa za juu hupinduka, kwa hiyo lazima zibandikwe kichwa chini. Niliitikia kwa kichwa. Kopi nyingine hakuna, mnada ni kesho.

Jumapili, 13 Julai
Kijarida kilinadiwa baada ya mkungu wa ndizi, kabla ya jogoo. Mzee Rwegoshora, mwenyekiti wa mnada, akakigeuza, akakigeuza tena. Nikajibanza nyuma ya kwaya. Akapaza sauti: "Kumbe hiki ni cha watu wawili! Mimi nakaa huku, mke wangu Mama Vero kule, kila mtu na kurasa zake. Hakuna kunyang'anyana!" Uwanja mzima ukacheka. Vyote themanini vikaisha kabla jogoo hajanadiwa! Mzee akaagiza toleo la Agosti liwe hivyohivyo, kisha akauliza huu ni ubunifu wa nani.

Nilishainuka! Nikakumbuka jana nilisema ni mashine. Nikakaa. Benjamin akapigiwa makofi na kufanywa mhariri wa kudumu. Akanishukuru kwa kubeba kopi. Kubeba!

Jumamosi, 9 Agosti
Toleo la pili. Benjamin kanipa karatasi niipeleke Kayanga, akasisitiza mara tatu nisiguse kitu. Nikashtuka. Anaficha nini? Nimeikagua. Siamini macho yangu! Kurasa zote nane zimesimama wima! Hajageuza hata moja! Na Deodatha alitufundisha sote waziwazi!

Huyu ndiye mhariri wa kudumu.

Wembe nimeshaunoa. Gundi ipo. Safari hii nitatangaza mwenyewe, mbele ya usharika wote, kwamba ni kazi yangu.