Tunhuo Katuba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimejifunza neno. Madame Li, bosi wangu Mchina dukani, alinionyesha simuni nyumba ya dada yake huko kwao. Sabuni hadi darini. Akasema vijana wao huiita tunhuo, kujaza nyumba bidhaa kabla hazijakwisha. Watu wana akili! Mimi bado nanunua chumvi ya kufunga kwenye kifuko. Nimeomba mshahara wa mwezi huu nilipwe bidhaa.

Jumanne, 4 Machi
Sabuni, sukari, mafuta, karatasi za choo. Chumba kimejaa. Ni chumba cha Dorcelle cha kushonea, lakini mke mwema huvumilia. Alirudi akakuta cherehani uani. Akauliza, polepole sana: "Papa Plamedi, chumba yangu iko dépôt sasa, ghala?" Ana sare za kwaya za kumaliza. Cherehani isipoingia ndani kufikia Ijumaa, anakwenda kwa mama yake Kambove, na harudi. Nampenda mno huyu mwanamke. Sabuni nazo nazipenda.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaita majirani wa hapa Katuba waone. Kuona tu. Waliguna kwa heshima. Mama Kunda wa nyumba ya pili alipapasa madumu ya mafuta, akasema Mungu amenikumbuka. Siku nzuri. Dorcelle anafunga mizigo yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mzazi wa Mama Kunda amefariki alfajiri. Bibi wa miaka tisini na minne, Mungu amlaze pema. Turubai limefungwa, na kilio kina watu wa kula, kunywa chai na kuosha sufuria. Kamati ya kilio ilikuja moja kwa moja kwangu. Hawakuomba. Walisema wanajua sukari iko wapi. Nikaanza kuwaeleza tunhuo. Dorcelle akawafungulia mlango, akawasaidia kubeba. Saa sita chumba kilikuwa kitupu. Cherehani ikaingia. Mizigo ikafunguliwa. Nilikaa kwenye kilio nikalia kuliko wafiwa.

Jumapili, 9 Machi
Tulizika jana. Mchungaji alinitaja kwa jina, mara mbili. Dorcelle amenipigia pasi shati, akasema hakujua ameolewa na mwanaume mwenye moyo mkubwa hivi. Sikumsahihisha. Nina furaha.

Kosa langu nimelijua: bidhaa zilikuwa chache. Zingekuwa mara mbili, nusu ingebaki. Dorcelle alipotangulia kanisani nikapima. Chini ya kitanda chetu zinaingia katoni kumi na nne. Kitanda kikitoka, arobaini.