Jumba la Waasisi wa Muziki Nyamuswa na Kifungo cha Bibi Skolastika

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi baada ya yule wa kwanza kupata udhuru. Waheshimiwa viongozi wa dini, mliofika na mliotuma salamu. Mheshimiwa mwenyekiti wa soko la Nyamuswa. Waheshimiwa bodaboda mlioegesha vizuri na nyinyi mlioziba njia. Wapenzi wa muziki kutoka Bunda, Butiama na Musoma mjini. Na kwa namna ya pekee Bibi Skolastika Machage, mwasisi wetu tuliyemsahau, uliyekaa hapo mbele na gita lako likiwa limefungwa ndani ya kanga kama kanuni zinavyoelekeza: mimi Bernado Magesa, Kaimu Mratibu Mwandamizi wa Muda wa Utamaduni, Muziki na Sheria za Michezo, nawasalimu, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mzee mmoja anauliza soda zinagawiwa saa ngapi.)

Ndugu wananchi, utafiti wa kina niliofanya mwenyewe bila kutoka ofisini unaonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya muziki wa dansi wa kanda hii ulianzishwa na watu (vicheko), na miongoni mwao Bibi huyu ndiye aliyepiga gita la solo hapa hapa misimu ya pamba, wakulima wakishusha mizigo na kupandisha mabega kwa kucheza, wakati hao mnaowasikia redioni walikuwa bado wananyonya. Wakakua, wakauchukua mtindo wake, wala hawakumwachia hata salamu. Jambo hilo liliniuma. Liliniuma kama kiongozi, kama mzazi, na kama mtu niliyekuwa nimetoka semina. (Makofi. Bibi Skolastika anatikisa kichwa.)

Semina yenyewe ilikuwa ya sheria za michezo, na kwa kuwa michezo na muziki kwetu ni ofisi moja, tena feni moja, nilijiuliza: kwa nini mcheza mpira alindwe na kanuni halafu mpiga gita aachwe ajitafutie kama kuku wa kienyeji? Ndipo nikawa wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kumsajili mwanamuziki kwa utaratibu wa ligi, nikamwandikisha Bibi kama kiungo mkabaji, jezi namba sita (vicheko), na matunda yakaonekana mara moja, kwani alipokwenda kupiga gita kwenye harusi ya Gody na Sara kule Butiama bila kibali cha uhamisho, tuliweza kumfungia. (Zogo. Mama Tereza, muuza dagaa, anasimama: "Mwaka mzima hajatupigia! Hata kwenye matanga ya dadake alikaaga kimya!")

Mama, tulia, nakuja huko huko. Sheria ya michezo, wapendwa stekiholda, ina misingi, na ulio mkubwa kuliko yote ni kwamba mchezaji hahukumiwi bila kusikilizwa. Ndiyo maana Bibi alipokata rufaa tuliipokea kwa moyo mkunjufu, kifungo kikabaki pale pale, mpaka Kamati ya Rufaa itakapomsikiliza ndani ya Jumba hili la Waasisi ninalolizindua leo: ghorofa nne, studio, ukumbi wa rufaa wenye viyoyozi, na chumba cha VAR cha kurudisha nyimbo nyuma polepole tuone nani alimwibia nani mtindo. (Shangwe. Watu wanageuka kulitafuta jumba. Wanaona mbuzi. Bibi Skolastika anainua mkono: "Mheshimiwa, nina miaka themanini. Nilikuwaga napiga kila gulio. Sasa vidole vinakakamaa. Nitasikilizwa lini?")

Swali la kitaalamu sana, Bibi. Kwa mujibu wa mpango mkakati ni hivi karibuni, na hapo katikati ofisi inakuombea afya. Sasa tuchangamke! Nikisema waasisi, semeni kileleni; nikisema haki, semeni uwanjani! Waasisi! (Kileleni!) Haki! (Uwanjani!) Gita! (Wote wanamtazama Bibi.)

Kwa kumalizia, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipowashukuru wafadhili wa jumba hili, ambao tukiwapata watajulishwa. Mkandarasi, atakayetafutwa baada ya kupata kiwanja, maana hiki ni cha Mzee Hamduni na saa nane anakitaka kwa mnada wa mbuzi. Na kwa uzito wa pekee nazishukuru Kamati ya Nidhamu iliyomfungia Bibi na Kamati ya Rufaa itakayomsikiliza, ambazo kwa kuwa zote mbili hazijaundwa, hazijawahi kupokea rushwa hata siku moja. Asanteni sana. (Hakuna makofi. Bibi Skolastika anasimama. "Kumbe walionifungia hawapo?")

Hawapo kwa sasa, Bibi, ila mchakato...

("Basi na kifungo hakipo." Anafungua kanga. Anakaza waya moja, anaijaribu kwa kidole, anacheka mwenyewe.)

Bibi, naomba tuheshimu taratibu! Ndugu wananchi, rudini kwenye viti, hotuba ina viambatisho vitatu! Mama Tereza, shuka mezani! Napenda ieleweke kwamba...

(Gita. Mheshimiwa bado anaongea, mdomo unaonekana. Nyamuswa nzima imepandisha mabega.)