Friji ya Mama Mkubwa na Uchunguzi Wangu wa Kurasa Mbili

Tak.

Kimya. Kisha mngurumo mfupi, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Kisha tena: tak.

Nilikuwa bado kitandani, macho nimefumba. Sauti ilitoka sebuleni, ikaja mara nne, na mimi nikawa nawaza kwamba ingefaa kufungulia sura ya kumi. (Ndivyo nilivyo. Nyumba ikiungua nitatafuta kwanza kalamu.) Sikuwaza hata kidogo kwamba ni friji ya Mama Mkubwa inayohangaika.

Wenzangu wa kundi letu la waandishi, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu watatu. Nawasimulia mwenyewe kabla Mama Mkubwa hajaanza kusimulia kanisani.

Mnajua kwamba tangu mwaka jana ninakaa Nyamiaga kwa Mama Mkubwa Leokadia, dada wa mama yangu, katika chumba cha uani alichonipa niandike riwaya. Msichojua ni kwamba kaka yao, Mjomba Stanslaus, hakuwahi kukubaliana na chumba hicho. Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo: misumari, mabomba, nyaya, mitungi ya gesi. Anasema mtu wa miaka ishirini na sita hawezi kushinda amelalia karatasi. Wiki hii alipiga simu: Jumamosi, yaani leo, atapita. Akinikuta sina faida yoyote hapa nyumbani, nifunge begi tuondoke wote, nikauze misumari.

Mama Mkubwa alinitetea. "Fide ananisaidia sana," alimwambia. Kisha akakata simu, akanitazama kwa muda mrefu kidogo, kama anayejaribu kukumbuka ni lini.

Basi leo asubuhi nilipofika sebuleni nilimkuta ameshika kikombe cha maziwa, anakinusa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Onja."

Nilionja. Yalikuwa yamechacha.

"Friji haipoozi," akasema. "Tangu jana inafanya tak, tak. Nyama ya kumpikia mjomba wako nimeiwahi, nimeshaichemsha. Hemedi fundi nimempigia, anakuja mchana."

Nikaona mlango wa wokovu umefunguka. Sura ya tisa ya riwaya yangu ina fundi wa friji, na kwa ajili yake nilisoma wiki tatu nzima. Ninajua kompresa, ninajua gesi, ninajua raba ya mlango. (Friji yenyewe sikuwahi kuigusa zaidi ya kutoa maji.) Nikamwambia Mama Mkubwa nitaichunguza, Mjomba akifika akute ugonjwa umeshajulikana.

"Utaweza?"

"Mama, haya mambo ninayaandika."

"Sikuuliza kama unayaandika."

Naomba mnipe haki yangu: nilianza vizuri. Nilivaa kandambili, nikakausha mikono, nikachomoa plagi kabla ya kugusa chochote. Nilichukua ukurasa mmoja wa rasimu, nikaubana kwenye mlango wa friji na kuuvuta. Ukashikilia. Raba nzima. Nilizungusha kitufe cha baridi, kikazunguka. Barafu ya juu haikuwa nyingi, na hata ingekuwa nyingi nisingeichokonoa kwa kisu, kwa sababu kisu kikitoboa bomba gesi yote inaondoka, na fundi wangu wa sura ya tisa aliwahi kufukuzwa kazi kwa kosa hilo. Nilirudisha plagi. Taa ya ndani ikawaka, na kile kiboksi cha kulinda umeme kikaonyesha kijani. Kwa hiyo umeme upo na unatosha.

Tak.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angeangalia nyuma. Lakini friji ya Mama Mkubwa imekaa pembeni kabisa mwa sebule, na ameifumia kitambaa cheupe chenye maua ya njano, kinachoanzia juu hadi sakafuni pande zote ila mlangoni, kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Kukivua ni kazi. Nami nilikuwa nimeshakata shauri kwamba daktari mzuri husikiliza. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake na daftari, nikasikiliza.

Nikaandika kurasa mbili.

Mjomba Stanslaus alifika saa tano, na kofia yake ya pama, na vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia. Akaitikia akiwa tayari ananiona nilivyokaa juu ya kigoda na daftari.

"Nilijua," akamwambia dada yake. "Nilijua nitamkuta hivi hivi."

"Anatengeneza friji," Mama Mkubwa akasema.

Mjomba akanigeukia. Nikamweleza. Nilimweleza raba, umeme, kitufe, gesi, nikatua kwenye kompresa kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba. Akanisikiliza akiwa amesimama. Uso wake ukaanza kulainika, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

"Kumbe," akasema. "Kumbe una kichwa."

"Kidogo, Mjomba."

"Hapana, usijishushe. Wateja wangu wanakuja wanauliza vitu, wale vijana wangu wanakodoa macho tu. Mimi namtaka mtu kama wewe. Begi lako liko tayari?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimejichimbia shimo kwa ufasaha wangu mwenyewe. Nilitaka nionekane wa maana ili nibaki. Sasa nimekuwa wa maana mno, ninachukuliwa. Nikamtazama Mama Mkubwa. Akatazama dari.

"Nionyeshe hiyo kompresa," Mjomba akasema. "Ivue hilo gauni."

Nikapiga magoti, nikainua pindo la kitambaa kwa nyuma, nikawasha tochi ya simu.

Kwanza ilinipiga harufu. Tamu, nzito, ya kupendeza. Halafu nikaona majani makavu ya mgomba. Halafu nikaona blanketi.

Niwarudishe nyuma kidogo. Jumanne Mama Mkubwa alinipa vichane vitano vya ndizi za kukamulia mutobe, ile juisi yetu ya ndizi, kwa ajili ya wanajumuiya watakaosali hapa kesho kutwa. Akaniambia nizifunge nizipandishe darini, juu ya moto wa jiko la nje, ziivishwe na joto. Jiko la nje lina moshi. Mimi na moshi hatupatani. Lakini nikiwa napita sebuleni na mzigo wangu nikahisi joto zuri likitoka nyuma ya friji, safi, halina moshi, linapatikana usiku na mchana. Nikazifunga kwa majani, nikazizungushia blanketi langu la zamani, nikazishindilia pale mgongoni mwa mashine. Nikajipongeza. Kisha nikarudi kwenye sura ya tisa, na ndizi zikanitoka kichwani.

Nikalishusha lile pindo taratibu.

"Umeona nini?" Mjomba akauliza.

"Kompresa."

"Ikoje?"

"Imechoka."

Mjomba akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena.

"Mbona kompresa inanukia ndizi?"

Niliokolewa na hodi mlangoni, wokovu wa dakika moja. Alikuwa Hemedi, fundi wa pale mjini Ngara, mtu mpole ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, naye mwenyewe bado anaongea kana kwamba kila neno amelipiga pasi.

"Karibu, Fundi," Mjomba akasema. "Umekuta kazi imeshafanyika nusu. Huyu mpwa wangu amekuandikia ugonjwa wote." Na kabla sijainuka akawa ameshalichukua daftari juu ya kigoda, anasoma kwa sauti ile anayosomea somo la kwanza kanisani.

"'Mashine hii ina uchovu wa ndani. Inaanza kunena, inakatiza, kama mwanamke aliyelikumbuka jina la mtu asiyerudi.'" Akageuza ukurasa kuona kama kuna maelezo. Hakukuwa na maelezo. "'Katika kila tak kuna mlango unaofungwa mahali fulani mbali.'"

Mama Mkubwa akakaa chini.

"Mwandiko ni mzuri," Hemedi akasema.

Alichomoa plagi. Alikivua kitambaa chote, akakikunja kwa heshima, akakiweka juu ya kiti. Alishika friji kwa mikono miwili akaisogeza mbele, ikiwa imesimama wima, bila kuilaza. Kisha akachungulia nyuma. Akaingiza mkono akavuta.

Blanketi likatoka, na ndizi ndani yake. Zilikuwa zimeiva vizuri sana, za njano tupu, lazima niseme. Akaliweka katikati ya sebule, akalifunua pindo moja, na pale, kwa uzi mwekundu, kwa herufi nilizozishona mwenyewe bwenini ili nisiibiwe: FIDELIS, KIDATO CHA TATU B.

Kuku alipita mlangoni, akatazama, akaendelea na safari.

"Fidelis ni nani?" Hemedi akauliza, kwa nia njema kabisa.

Mjomba akanielekeza kwa kidole.

"Nilisema darini," Mama Mkubwa akasema. "Jikoni."

"Jikoni kuna moshi, Mama."

"Fide. Huo moshi na joto lake ndio kazi yenyewe."

Hemedi akanieleza bila kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Friji, alisema, haitengenezi baridi kutoka hewani. Inalitoa joto ndani na kulitupa nje kwa kupitia ule waya mweusi uliosukwa mgongoni. Ukiuziba mgongo, joto halina pa kwenda, kompresa inachemka. Ikichemka, kuna kidude kidogo pembeni yake kinachokata umeme isiungue. Ikipoa kidogo inajaribu tena, kinakata tena.

"Hiyo tak uliyoiandikia ni hicho kidude," akasema. "Kimeiokoa hii mashine siku nzima. Kompresa yenyewe haina tatizo lolote."

Akachukua brashi laini, akapangusa vumbi kwenye ule waya. Akamwambia Mama Mkubwa aiache friji shubiri moja kutoka ukutani, na gauni liishie juu tu, lisifunike mgongo. Kisha akakaa kusubiri ipoe kabla ya kuiwasha, kwa sababu fundi wa kweli hana haraka. Tulinywa kahawa. Tulikula ndizi, maana zilikuwepo. Mjomba alikula tatu huku akinitazama. Baada ya kama dakika arobaini Hemedi alirudisha plagi.

Mmmm, ikasema friji, ikaendelea kusema.

Hemedi akapokea shukrani zake, akaaga. Tukabaki watatu, na blanketi.

"Haya, Stanslaus," Mama Mkubwa akasema. "Mchukue kijana wako."

Niliinuka. Nilishaanza kuhesabu ni madaftari mangapi yataingia kwenye begi moja, na kama Biharamulo, nyuma ya duka, kutakuwa na meza.

"Nimchukue nimpeleke wapi?" Mjomba akasema.

"Dukani. Si ulisema ana kichwa?"

"Dada, mimi nina mitungi ya gesi mle ndani. Nina rangi. Nina tina ya kuchanganyia rangi." Alikuwa anavitaja taratibu, kama anayeviaga. "Siku moja mvua inanyesha, huyu anahisi baridi, anavivisha blanketi. Halafu Biharamulo nzima inaniuliza mimi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo abaki hapa hapa aandike. Karatasi haina mlipuko."

Miezi minane nimewaombea watu wa familia hii wanielewe. Nimewasomea kurasa, nimewafafanulia maana ya kazi yangu, nimetumia maneno yangu yote mazuri. Na ruhusa nimeipata leo, rasmi, kwa sauti, kutoka kwa mtu aliyeamua kwamba mimi ni hatari kwa mali.

Mjomba akachukua kofia yake. Akamuaga dada yake. Mimi akaniwekea mkono begani, akaugandamiza kidogo, kama tunavyowafanyia wafiwa, akatoka akaufunga mlango nyuma yake.

Naomba msinicheke sasa hivi, hata kwa maandishi, maana simu yangu inalia kila mnapotuma ujumbe. Mjomba bado yuko barazani anafunga kamba za viatu, na mlango alioufunga ni wa mbao nyembamba.